Tahiyatu ya dakika arobaini

Mtu aliyekulia Tanga, akakaa mkekani tangu utoto na kuswali mara tano kwa siku, humtishi kwa habari za kukaa chini. Ndivyo nilivyojidanganya siku ile bibi mmoja wa mtaani kwetu Kyoto, anayefundisha chado, yaani njia ya chai, aliponikaribisha darasani kwake. Akanionyesha mkao: magoti mbele, makalio juu ya visigino. Nikacheka moyoni. Si tahiyatu hii?

Tahiyatu ni dakika mbili tatu, unatoa salamu, basi. Hapa dakika ya kumi nilihisi sisimizi vidoleni, na ya kumi na tano miguu haikuwa yangu tena. Nilipotakiwa kuinuka nikachukue bakuli langu, mguu wa kushoto ulikataa. Nikaanguka ubavu, kiganja kikatua karibu kabisa na birika la chuma lililokuwa linachemka. Wenzangu wakatazama ukuta. Sensei, yaani mwalimu wetu, akasema tu "yukkuri", polepole.

Nilirudi wiki iliyofuata, na si kwa sababu ya chai. Nilitaka kuielewa Japani ya mabwana wa vita, na chai ndiyo mlango niliofunguliwa. Katika karne ya 16 chombo cha chai kilikuwa na thamani ya kutisha: Oda Nobunaga, mmoja wa mabwana hao, aliwatuza makamanda wake vyombo vya chai, na Matsunaga Hisahide, aliyemwasi, alizingirwa ngomeni mwaka 1577 akafa bila kulitoa birika lake, ambalo Nobunaga alilitamani. Kisha kuna Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa karne hiyo hiyo. Huyu alipenda kibanda kidogo chenye mlango wa kama sentimita 66 kila upande. Samurai anaacha upanga nje, anainama, anaingia kwa magoti kama mtu mwingine yeyote. Bwana wake, mtawala Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu. Mwaka 1591 alimwamuru Rikyu ajipasue tumbo, na sababu yake inabishaniwa mpaka leo.

Sasa miguu. Kwanza niliacha jinzi, maana zinakata damu nyuma ya goti. Nikaja na gauni pana. Pili, kidole gumba cha mguu wa kulia kilale juu ya cha kushoto, na baada ya muda ubadilishe, taratibu, mtu asione. Nyumbani nilikaa hivyo nikimenya vitunguu, dakika tano, kisha nane, kisha kumi na mbili. Lakini kilichoniokoa hasa ni namna ya kuinuka: kabla ya kusimama unakunja vidole vya miguu vishike chini, unavikalia kidogo, unasubiri damu irudi. Vidole vimekunjwa vile vile kama kwenye sijida! Hilo mwili wangu ulilijua zamani, ila nilikuwa sijauuliza.

Mengine yalikuwa mepesi. Unakula kitu kitamu kwanza, ndipo unakunywa matcha, chai ya unga wa kijani, chungu. Aliyezoea kashata na kahawa haelezwi mara mbili. Bakuli unaliweka kwenye kiganja cha kushoto, unalizungusha kidogo kwa mkono wa kulia ili usinywee upande wake wa mbele. Funda la mwisho unalivuta kwa sauti, mwenyeji ajue umemaliza. Bibi yangu angenizaba kofi.

Mwezi wa tatu Sensei aliniambia, huku akifuta kijiko cha mwanzi, kwamba huenda Rikyu mwenyewe hakukaa hivi. Zama zake watu walikunja miguu au waliinua goti moja. Mkao huu ulienea baadaye, katika zama za Edo (1603 hadi 1868). Nilitamani kudai fidia ya magoti yangu.

Mwezi wa nne tulikaa dakika arobaini kamili. Nilikunja vidole, nikasubiri, nikainuka, nikaenda kuchukua bakuli na kurudi nalo bila kuyumba. Nikanywa, nikavuta lile funda kwa sauti, nikafuta ukingo kwa vidole. Wakati wa kutoka, kwa furaha, nikakanyaga ule utepe wa pembeni mwa tatami, mkeka wa Kijapani, ambao haukanyagwi.

Sensei aliona.