Siku ya kubandika lebo zinazobanduka

Saa 12 asubuhi. Sufuria la maji limetangulia jikoni kabla ya chai. Mvinyo wa choya (rozela) umeshatulia kwenye madumu, mwekundu wa kung'aa, na kesho dada anakuja kuuchukua kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Hapa kwetu Dodoma chupa nakusanya zilizotumika, nazo zikitoka nataka zirudi.

Saa 1. Chupa zinaingia kwenye beseni la maji ya moto na magadi. Zenye lebo ya karatasi hazisumbui, ukirudi unakuta lebo inaelea. Viwanda vinavyopokea chupa zake tena huchagua gundi makusudi, mara nyingi ya kaseini, yaani protini ya maziwa: inavumilia ubaridi, lakini inaachia kwenye maji ya moto yenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kazi iko kwenye stika za plastiki. Maji hayapenyi kuifikia gundi, kwa hiyo unachuna kwa kucha, na ukimaliza kuchuna unabaki utando unaonasa kila vumbi. Naupaka mafuta ya alizeti, nauacha ulainike, nasugua kwa dodoki na majivu, kisha sabuni na maji mengi.

Saa 4. Steshenari, karibu na soko la Majengo. Kijana wa pale ananishangaa.

"Dada, si uchukue karatasi ya stika? Unabandika, umemaliza."

"Mdogo wangu, na wa kuja kuibandua ni mimi."

Nataka karatasi ya kawaida ya gramu 80, na printa ya tona, yaani wino wa unga. Wino wa maji ukikutana na jasho la chupa unachuruzika. Tona imeyeyushwa kwa joto ikashikana na karatasi. Lebo yenyewe ndogo: jina, tarehe ya kujaza, na KINA KILEVI kwa herufi nene. Hapo sina mzaha. Mvinyo wa choya na juisi ya choya huwezi kuvitofautisha kwa macho, na kwenye kipaimara watoto wamejaa.

Saa 8 mchana. Kujaza kwa mrija na kupiga vizibo.

Saa 10. Sasa maziwa, ndiyo gundi yangu. Nimeyachemsha, yamepoa, nimeengua malai. Chupa iwe kavu kabisa. Unapaka maziwa mgongoni mwa lebo kwa brashi, unaibandika, unaikandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Yaliyochuruzika unayafuta palepale kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo yatanuka. Ikikauka imeshika sawasawa, na siku ya kuosha ni kuloweka tu kwenye maji ya uvuguvugu.

Saa 11 jioni. Naijaribu moja kwenye ndoo ya barafu. Kwenye friji lebo ya maziwa inakaa vizuri, ila ikizama majini inateleza. Kwa chupa zitakazowekwa kwenye barafu natoboa vikadi vya manila na kuvifunga shingoni kwa uzi wa katani, na ile KINA KILEVI naiandika kwa kalamu ya risasi, ambayo maji hayaifuti.

Saa 1 usiku. Dada anapiga simu kuulizia kama zimekamilika. Zimekamilika. Nimemwomba kitu kimoja: wakimaliza kunywa, wasuuze ndani usiku uleule kabla masimbi hayajakauka, halafu wazirudishe kwenye kreti. Lebo waziache, nitazitoa mwenyewe.