Nani Aambiwe

Jumamosi, usiku. Watoto wamelala, baba yao yuko sebuleni na mpira wake, nami nimejifungia chumbani na karatasi za hospitali. Tarehe imeshapangwa, mwezi ujao, vipimo vya mwisho vikitoka salama. Nilidhani kukubali kupasuliwa ndiyo ingekuwa kazi. Kumbe hiyo ilikuwa nyepesi. Kinachoninyima usingizi ni nani aambiwe.

Nina kilo 118 kwa urefu wa sentimita 160. Ukipiga hesabu ile wanayopiga madaktari ya uzito kwa urefu inakuja 46, na wao kuanzia 35 tayari wanaweza kuzungumzia kisu. Nina presha. Magoti yanalia nikipanda ngazi za ofisini. Usiku nakoroma mpaka pumzi inakatika, mume wangu ananitikisa, naendelea. Nilipokwenda mara ya kwanza niliulizia puto, maana tangu hospitali ya Mloganzila waanze kuliweka hakuna mtu Dar asiyejua habari za puto. Daktari akanieleza bila haraka: puto linakaa tumboni kwa miezi, kisha linatolewa, kwa hali yangu yeye angeshauri kupunguza tumbo lenyewe. Wanatoboa vitundu vichache, wanaondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, kinachobaki ni kibomba chenye umbo la ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Na sehemu hiyo inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini.

Hapo nilinyamaza kidogo. Tangu nina miaka kumi na kitu naambiwa "funga mdomo tu", na katika wote walionishauri nifunge mdomo hakuna aliyewahi kunitajia kwamba njaa nayo ina homoni.

Mume wangu anajua, hilo halina mjadala. Ndiye atakayeandikwa kama ndugu wa karibu, ndiye atakayekaa pale nje kwenye mabenchi. Shauri lake ni moja: "Tuseme una uvimbe kwenye kizazi. Watu hawaulizi sana mambo ya kizazi." Anamfikiria mama yake, namwelewa. Lakini najua pia anafikiria pesa. Tumechukua mkopo wa SACCOS, tumeuza na kiwanja cha Kibaha ambacho kila mtu alikuwa anauliza tutaanza kujenga lini. Nyumba ya wazee Tanga paa linavuja. Mdogo wake ada ya chuo bado. Katika ukoo wetu pesa ya mtu mmoja haijawahi kuwa ya mtu mmoja, na kusema tumeitumia kupunguza unene, watakaosikia ni watu ambao kwao unene ndiyo ushahidi kwamba mume ananitunza. Mama mkwe kila nikifika ananishika mkono juu ya kiwiko, anaubinya, anasema, "Mashallah, umenawiri." Huo mkono ndio ninaotaka kuupunguza.

Kuna methali itarushwa kwangu nikinyamaza: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeigeuza sana kichwani. Yenyewe inamsema anayeficha ugonjwa. Haijasema lolote juu ya anayeficha tiba ya kitu ambacho ndugu zake wote wanakiona ni afya.

Basi nikaujaribu ule uongo wa uvimbe, kwenye fikra tu. Nampigia mama Tanga: mama, nina uvimbe, nitafanyiwa upasuaji. Najua kitakachofuata kama ninavyojua njia ya kwetu. Kwanza kimya. Kisha "Innalillahi". Kisha anampigia shangazi, na kabla ya Isha kundi la ukoo la WhatsApp limejaa dua na mikono iliyofunguliwa. Kesho yake mama anakwenda kwa maalim kuandikiwa kombe. Maandishi ya zafarani yanaoshwa, maji yanatiwa kwenye chupa ya maji ya kununua, inafungwa mfuko wa nailoni mara mbili na kukabidhiwa konda wa basi la asubuhi. Nami naipokea Magufuli, kituoni Mbezi, chupa bado ina umande wa njiani. Nanywa dua ya mama iliyoombwa kwa ajili ya uvimbe ambao haupo, yeye huko akiwa hali wala halali. Hapana. Kunyamaza naweza, lakini kumliza mama kwa ugonjwa wa kutunga siwezi.

Halafu kuna habari ya binamu yangu wa Maskati.

Aliolewa huko zamani, huja kila baada ya miaka michache na masanduku ya udi na mashuka. Alikuwa kama mimi, pengine ananizidi. Mara akaja nusu yake. Harusi nzima ilikuwa kumtazama yeye badala ya bibi harusi. Wanawake wakamzunguka: umefanyaje? Akasema ndimu. Maji ya moto, ndimu na habbat soda, asubuhi kabla ya kula kitu, na kutembea. Alisema kwa upole na kwa uhakika, kama mtu anayetoa kipimo cha pilau. Mwaka ule ndimu Tanga nadhani zilipanda bei. Dada yangu mkubwa, ambaye ana kisukari na ni mnene kunishinda, alizinywa mpaka akapata kiungulia cha kudumu. Nami nilizinywa, kila asubuhi, kwa imani. Uzito haukutingishika, na tulichojifunza mimi na dada ni kwamba mwenzetu ana nia na sisi hatuna.

Usiku wa hina wa harusi nyingine nilikuwa chumbani namsaidia binamu huyo kuvaa gauni. Alipoinua mikono, kanga ikashuka. Tumboni kulikuwa na vijikovu vidogo, kimoja karibu na kitovu, vingine pembeni kwa juu, kila kimoja kama urefu wa ukucha, vimeng'aa. Aliona nimeona. Akapandisha kanga, akaingia kwenye gauni, akauliza kama zipu imefika juu. Nikasema imefika. Hatujazungumza habari hiyo mpaka leo.

Simlaumu alivyonyamaza. Ghuba upasuaji huu ni jambo la kawaida mno, lakini Tanga si Maskati, na tumbo lilikuwa lake. Lakini angeweza kusema "nilipata matibabu" akaishia hapo. Angeweza kucheka na kubadilisha mazungumzo, sisi Waswahili tuna njia elfu za kukwepa swali bila kumvunjia mtu heshima. Zile ndimu ndizo sizimezi. Ukishataja ndimu umeshafanya kitu kingine zaidi ya kulinda siri: umempa mwenye kisukari dawa ya uongo, na isipofanya kazi atajilaumu yeye, hatakulaumu wewe.

Kwa hiyo nikajiwekea mpaka wa kwanza. Siri ninayo haki nayo. Ndimu sina haki nazo.

Mpaka wa pili umewekwa na tumbo lenyewe. Daktari wa lishe amenipa ratiba: hata kabla ya siku yenyewe kuna mlo wa kupunguza ini, ili wapate nafasi ya kufanyia kazi. Baada ya hapo wiki za mwanzo vimiminika tu, kisha vya kusagwa, kisha vilaini. Protini kwanza. Kunywa na kula visikutane, ukimaliza kula usubiri kama nusu saa ndipo unywe. Vitamini na madini maisha yote, B12 na chuma na kalsiamu. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. (Hilo la mimba peke yake lina kikao chake. Nikitapika mara moja tu mbele ya wifi zangu, majina ya mtoto yataanza kupendekezwa.) Nani anakaa na mtu wa namna hiyo nyumba moja asijue? Msichana wetu wa kazi ndiye anayepika. Ataniona nakunywa supu iliyochujwa huku nyumba nzima inakula ubwabwa. Nimeamua aambiwe, kwa maneno machache, na aambiwe na mimi.

Kuna lingine lililonitisha zaidi. Nilimuuliza daktari, nikisafiri nikiugua huko? Akasema homa, mapigo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au kutapika kusikokoma, nikimbizwe hospitali na waambiwe mara moja nilifanyiwa nini. Na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki nizikwepe, zinaweza kuchimba vidonda. Nikajiona niko kwenye harusi Pongwe, nimezidiwa, nimelazwa mkekani, mashangazi wananipepea, kijana wa duka la dawa ameitwa na sindano yake, na sindano yenyewe kila mtu anaijua ni ipi. Hakuna hata mmoja pale anayejua tumbo langu liko vipi. Mume wangu yuko Dar. Siri ya namna hiyo inahitaji mtu mmoja anayeijua kila ninapokwenda.

Na mwili utasema tu. Nikipungua haraka bila maelezo, watu hawataacha nafasi ile wazi, wataijaza wenyewe. Watu wa rika la mama walishuhudia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na jirani zetu Uganda ugonjwa waliuita Slim, yaani wembamba wenyewe ndio ulikuwa jina lake. Mama alimzika kaka yake aliyekwisha hivyo, kidogo kidogo, na mpaka leo mtu akikonda yeye hamsifii. Anamtazama shingoni, kwenye mifupa ya mabega, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Unakula lakini?" Nikimfikiria mama akinitazama shingo hivyo, mwezi wa tatu baada ya upasuaji, na nywele zikipukutika kama wanavyosema zitapukutika kwa muda, naona kunyamaza kwangu kutamgharimu yeye kuliko mimi.

Jumapili, mchana. Nimempigia dada.

Nilijiandaa kwa hotuba. Sikuitoa. Nilimsalimia, nikamuuliza sukari, akasema iko juu, nikamwambia nakwenda kupunguzwa tumbo. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kukatwa kabisa? Sio puto?"

"Kukatwa, dada."

"Baba watoto anajua?"

"Anajua."

"Haya." Kisha: "Na wenye kisukari wanafanyiwa?"

Nikamwambia wanafanyiwa, tena kwa wengine sukari inashuka sana, wapo hata wanaopunguziwa dawa, ila daktari ndiye atakayempima yeye mwenyewe na kumwambia. Akauliza bei. Nikataja. Akatukana tusi moja la Kidigo ambalo sitaliandika hapa. Halafu akauliza tena, safari hii taratibu, kama kuna maumivu, analala siku ngapi, na nani alimwangalia binamu yule alipokuwa hospitali huko Maskati.

"Wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Mdogo wangu, ndimu gani ile! Nilijua. Ila kiungulia kilikuwa changu, ningemwambia nani?"

Tulicheka mpaka mume wangu akachungulia mlangoni. Kisha dada akasema habari ya mama tusiifanye kwa simu. Jumamosi nipande basi, yeye atanipokea, twende wote wawili baada ya chakula cha mchana, mama akiwa ameshakunywa chai yake na hana haraka. Nisianze na kisu. Nianze na pumzi zinazokatika usiku, kwa sababu mama anaogopa kifo cha usingizini kuliko kitu chochote. Ya kiwanja nisitaje. Akiuliza pesa zimetoka wapi, dada atajibu yeye. Nimempa kazi hiyo kwa moyo mkunjufu.

Mama mkwe nimemwachia mwanawe. Nimemwambia mume wangu neno moja tu, uvimbe hapana. Amekubali kwa shingo upande. Anasema atamwambia mama yake kwamba ni matibabu ya presha, jambo ambalo nusu yake ni kweli, na mimi leo nusu hiyo naipokea. Ofisini wataona ruhusa ya ugonjwa, basi.

Bado kundi la ukoo. Nimeandika na kufuta mara nyingi. Hivi ndivyo ilivyo kwa sasa, itatumwa baada ya mama kujua, si kabla:

"Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi ujao nitafanyiwa upasuaji mdogo wa tumbo kwa ajili ya presha na pumzi. Si uvimbe, na si mimba, shangazi. Naomba dua zenu. Uji na mtori msilete, kuna ratiba ya chakula, dada mkubwa anayo. Maswali yote mpelekeeni yeye."

Dada ameisoma, akanijibu nitoe neno "mdogo".