David Lean na Waingereza wanaokufa na tai shingoni

Ukishuka Carnforth, kaskazini mwa Lancashire, huku Uingereza, utadhani umekosea kituo. Treni za kasi za kwenda Scotland zinapita bila kusimama, zinakupiga upepo wa baridi usoni, basi. Lakini ile saa kubwa inayoning'inia wapenzi wa sinema wanaijua. Hapo ndipo mwongozaji wa Kiingereza David Lean alipopiga picha za filamu yake "Brief Encounter", Februari 1945, vita bado havijaisha. Kituo kilipendwa kwa kuwa kilikuwa mbali na London: ving'ora vikilia, kungekuwa na muda wa kuzima taa kabla ndege za Wajerumani hazijafika.

Hadithi yenyewe ukimsimulia mtu wa Dar atakuuliza, "Sasa filamu iko wapi hapo?" Laura ni mke wa mtu, ana watoto wawili. Alec ni daktari, naye ana familia. Wanafahamiana stesheni, wanakutana siku za Alhamisi, wanapendana, na hawafiki popote. Hakuna fumanizi, hakuna anayepigwa kofi.

Filamu iko kwenye mkasi wa mhariri. Lean alizaliwa Croydon mwaka 1908, katika familia ya Quaker, dhehebu la Kikristo, ambayo sinema kwao ilikuwa mwiko. Akaingia studio kama kijana wa kutumwa chai, akapanda mpaka akawa mhariri wa filamu mwenye jina, ndipo akaanza kuongoza. Sasa tazama alichofanya. Mwanzoni tunaona watu wawili wamekaa kimya mkahawani. Shoga wa mwanamke anaingia, mropokaji, anavuta kiti bila kukaribishwa. Mwanamume anaaga, anamshika mwenzake bega kidogo, anatoka. Wala hatushtuki. Karibu na mwisho, Lean anaturudisha meza ile ile, na sasa tunajua kwamba Alec anahamia Johannesburg na hawataonana tena. (Naam, wakati huo wao ndio waliokuwa wakihamia bara letu.) Dakika zao za mwisho zimeliwa na porojo, na kuagana kwao kote ni ule mkono begani. Kisha kamera inaanza kupinda upande, Laura anakimbilia nje, treni ya kasi inapita, mwanga wa madirisha unamchapa usoni. Kamera inanyooka. Anarudi ndani.

Wabongo wenzangu huku tukikaa lazima mtu aseme Waingereza hawana moyo. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, na sikubali. Mwenzangu wa zamu alifiwa na mumewe. Aliporudi kazini aliweka birika jikoni, akaniuliza kama nje kuna mvua. Vikombe alivyotoa kabatini vilikuwa vingi kuliko watu tuliokuwepo. Kwetu angelia tukalia naye. Hapa yanatoka kwa njia nyingine, inabidi uwe na jicho, na hilo jicho Lean alikuwa nalo.

Wengi wanamjua kwa yale makubwa: "The Bridge on the River Kwai" ya 1957 na "Lawrence of Arabia" ya 1962, zote mbili zikampa Oscar ya uongozaji. Jangwa la Jordan kwenye hiyo ya pili nalivulia kofia, hasa mwigizaji wa Misri Omar Sharif anapotokea mbali kama nukta na kukua polepole juu ya ngamia. Ila mwigizaji Mwingereza Alec Guinness kupakwa rangi awe mwana wa mfalme wa Kiarabu, huku Mmisri halisi amesimama pembeni, hapo nanuna. Mwaka 1984 akampaka tena, safari hii awe Mhindi.

Ndiyo maana narudi kwa Laura, na kwa mumewe Fred. Yule bwana muda wote yuko na fumbo la maneno la gazetini, utadhani haoni wala hasikii. Mwishoni anamsogelea mkewe na kumshukuru kwa kurudi kwake. Je, alijua? Lean hasemi. Mke wangu anashikilia kwamba Fred alijua tangu mwanzo akanyamaza makusudi. Mimi nasema hakujua kitu, na ubishi huo nyumbani kwetu haujaisha.