Nafasi Iliyoachwa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu juma hili ni 2 Wakorintho 1:3-7.

Nimefundisha kemia na fizikia hapa Dodoma kwa miaka mingi. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa na kipande cha waya, namenya ganda lake kwa wembe, nawaonyesha shaba ya ndani. Shaba inapitisha umeme, plastiki inazuia. Wanaandika kwenye madaftari, tunaendelea mbele.

Lakini iko plastiki inayopitisha umeme. Mwaka 1967, katika maabara ya mwanakemia Hideki Shirakawa kule Tokyo, walipokuwa wakitengeneza plastiki, kichocheo, yaani kemikali ya kuharakisha kazi hiyo, kilipimwa vibaya, kikawekwa karibu mara elfu moja zaidi ya kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa. Miaka ilipita, akaja kumweleza habari hiyo mwanakemia mwenzake Alan MacDiarmid wakati wa mapumziko ya semina. Huyu MacDiarmid nampenda sana. Alizaliwa New Zealand mwaka 1927, akaacha shule akiwa na miaka 16 kwa sababu nyumbani hali ilikuwa ngumu, akaingia chuo kama kijana wa kazi katika maabara ya kemia. Alipoona utando ule alimwalika Shirakawa Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakafanya kazi pamoja na mwanafizikia Alan Heeger. Mwaka 1977 wakatangaza walichokipata, na mwaka 2000 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Walichofanya ni kuufukiza utando huo kwa mvuke wa iodini, yaani yale madini joto tunayosoma kwenye pakiti za chumvi. Uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni kumi.

Kilichonikalia moyoni ni namna ilivyotokea. Mimi ningedhani iodini iliongeza kitu. Kumbe iliondoa. Ilinyofoa elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, ikaacha matundu. Fikirieni daladala ya jioni inayotoka mjini, watu wamebanana hata mkono hauinuki. Konda anapiga kelele "sogeeni nyuma", hakuna anayesogea, kwa sababu hakuna pa kwenda. Akishuka mmoja wa katikati, wa jirani anachukua nafasi yake, wa nyuma yake naye anasogea, na pengo lenyewe linasafiri mpaka mlangoni. Ndivyo umeme unavyopita katika plastiki ile.

Wengine wameipeleka elimu hii mpaka kwenye mwili wa binadamu, maana chuma ni kigumu mno kukaa karibu na neva. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliotesha seli za panya, zile zinazotoa nyuzi kama za neva, juu ya plastiki ya aina hii iitwayo polipiroli. Walipopitisha umeme, nyuzi zile zikarefuka karibu mara mbili. Kitu kilichotobolewa ndani kwa ndani kinaisaidia neva kuota! Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Mnajua nyumba yangu. Huu ni mwaka wa pili tangu mke wangu alale katika Bwana. Sitasema Mungu alimchukua ili mimi nifae kwa wengine. Aliyeniambia hivyo msibani aliniumiza, na naomba tusiambiane maneno hayo. Paulo mwenyewe hasemi hivyo. Anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu, na faraja ileile ndiyo tunayowapelekea walio katika dhiki. Faraja haianzi kwetu, inapita kwetu. Na zamani kwangu haikupita. Nilikuwa mtu niliyejaa: nilifika kwenye misiba na mistari yangu tayari, nikaisoma, nikatoa rambirambi, nikawahi kurudi kusahihisha mitihani.

Mwezi wa saba nilikwenda Hombolo kwa mwalimu mwenzangu aliyefiwa na mkewe. Upepo wa baridi ulikuwa unapiga turubai usiku kucha. Wanaume walikuwa wamelala kwenye mikeka kuzunguka moto, sisi wawili tumebaki macho. Biblia ilikuwa mfukoni mwa koti, sikuitoa. Alikaa muda mrefu anachokonoa majivu kwa kijiti, halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, usiku ule wa kwanza baada ya watu kuondoka nililala wapi.

Nikamwambia nililala upande wangu uleule wa kitanda, sikuthubutu kuvuka katikati. Na mpaka leo ni hivyo.

Akaacha kuchokonoa. Akasogea kwenye mkeka, tukakaa bega kwa bega mpaka jogoo wa kwanza.