Elfu thelathini yangu na Bentley ya Beckham

Juzi nimepigwa tochi. Natoka Dar naenda Morogoro, kibao cha 50 nimekiona kabisa na mguu nimeupunguza, najiona niko poa, kumbe nasoma 57, mara trafiki huyo anatoka kwenye kivuli cha mwembe ananionyesha kamashine kake, gari langu limo mle ndani limetulia na namba zake zote. Elfu thelathini. Sikubisha, picha utaibishiaje, ila mpaka nafika nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa, yani lile V8 lililonipita kama upepo dakika mbili kabla mbona halikusimamishwa?

Alafu nikamkumbuka Beckham, nikaona aibu kidogo.

Mwaka 2019 nilimsema sana huyu jamaa. Alikuwa amepigwa picha na mpita njia tu, yuko kwenye Bentley yake katikati ya London, simu mkononi, foleni inatambaa. Mahakamani alikubali kosa, faini pauni 750 na pointi 6 kwenye leseni, na kwa sababu alishakuwa na pointi 6 za makosa ya spidi huko nyuma zikafika 12, leseni ikafungiwa miezi sita. Wakili wake akaeleza kuwa jamaa anapenda kuwapeleka watoto shule, na hakimu akasema foleni kwenda polepole sio kisingizio. Mi nikaandika komenti ndefu kweli, mastaa wanajiona wako juu ya sheria nini na nini. Komenti yenyewe niliiandikia kwenye foleni ya Ubungo, nimeshika usukani.

Kilichowachefua watu zaidi lakini kilikuwa cha mwaka mmoja nyuma, 2018. Alikamatwa na maili 59 kwenye barabara ya 40, kama kilomita 95 kwenye 64 hivi, akatoka bila adhabu kwa sababu sheria yao inataka barua ya taarifa ifike ndani ya siku 14 na ile ilichelewa siku moja. Wakili wake alikuwa Nick Freeman, yule Waingereza wanamwita Bwana Upenyo kwa kujua kupenya kwenye mianya ya sheria, ndo huyohuyo alimtetea Alex Ferguson mwaka 1999 alipopita pembeni ya barabara kuu kukwepa foleni, utetezi ni kwamba tumbo lilikuwa linamwendesha. Na akashinda! Hebu jaribu kumwambia hivyo trafiki wa kwetu.

Siku 14 ni za kila mtu, sibishi, ila nani mwingine anakaa kuhesabu siku? Mi ningelipa tu nilale. Kwa hiyo hapo sioni kama Beckham ndo wa kutukanwa, ametumia mlango ambao upo wazi, tatizo ni kwamba ufunguo wake unauzwa bei ya wakili. Zile pointi sasa, hizo ndo naona haki, maana hazijui una sh ngapi, zikijaa zimejaa, Bentley inabaki getini unapanda teksi. Pauni 750 kwake ni nini?

Finland wao faini inafuata kipato. Mwaka 2023 tajiri mmoja, Anders Wiklöf, alikutwa na 82 kwenye 50 akapigwa euro 121,000. Na msione hilo ni la wazungu tu, hata sisi 2021 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000, maana yake walishaona kwamba elfu thelathini ya mwenye pikipiki sio elfu thelathini ya mwenye basi. Sasa wameishia hapo kwa nini? Mi na kivitz changu na yule wa V8 bado tuko kapu moja.

Jana nikawa namsimulia shemeji yangu, yeye ni bodaboda, hiyo elfu kumi kashailipa mara mbili mwaka huu kwa kubeba mishikaki na kila mara anasema siku yote imeliwa. Akauliza, huyo Beckham alitoa ngapi? Nikamwambia pauni 750, kwa kipindi kile kama milioni mbili na laki mbili. Akashika kichwa. "Duh, hela ya pikipiki hiyo!" Akanyamaza kidogo, akasema kwa kweli walimwonea.