Sitreti, maharage na wazee wangu wa MRI

Napiga picha za MRI, ile mashine ya sumaku, hapa Upanga, na wagonjwa wangu wengi wa tezi dume ni wazee waliokwisha kuchoshwa na vipimo. Juzi mmoja kutoka Mbagala, PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda, aliniuliza kabla hata sijamaliza shikamoo: "Mwanangu, leo hakuna kuingizwa kitu?" Nikamwambia hakuna, mzee wangu. Akapanda kitandani anacheka.

Swali lake ndilo lililoikwamisha spektroskopia, kipimo ninachokipenda kuliko vyote. MRI ya kawaida inaonyesha umbo. Hii inasoma kemia. Tezi dume yenye afya hulimbikiza kemikali iitwayo sitreti, kwa kuwa zinki iliyojaa kwenye seli zake huzuia kimeng'enya cha kuivunja. Saratani ikiingia, zinki hupungua na sitreti huteketea, huku kolini, kemikali ya utando wa seli, ikipanda maana seli zinajenga utando mpya kwa kasi. Kwenye grafu, kilima cha sitreti kinakaa kwenye alama ya 2.6 na cha kolini 3.2 (kipimo chake ni ppm). Kimoja kinashuka, kingine kinapanda, basi unajua pa kuangalia.

Kazi iko kwenye kuvipata hivyo vilima. Maji na mafuta ya jirani yana ishara kubwa mno. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona Kariakoo katikati ya spika za wauza nguo. Kwenye mashine za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) dawa ilikuwa koili, yaani antena ya kunasa ishara, inayoingizwa njia ya haja kubwa. Sasa nenda kamwambie hivyo mzee aliyekimbia kipimo cha kidole!

Halafu kuna gesi. Mzee aliyekula maharage usiku anakuja na hewa kwenye utumbo, pale pale nyuma ya tezi, na hewa hiyo inavuruga uga wa sumaku. Vilima vinatanuka, vinapandiana, kolini na jirani yake kreatini huzitofautishi tena. Mwongozo wa PI-RADS, wa kusoma MRI ya tezi dume, wa mwaka 2012 ulikuwa na spektroskopia. Toleo la 2015 likaiacha, difyusheni, picha ya MRI inayoonyesha maji yanavyotembea kwenye tishu, ikachukua nafasi. Siwalaumu. Difyusheni ni ya haraka na haihitaji fundi wa kubembeleza sumaku.

Lakini kuiacha si kusema kemia ilidanganya. Mashine za tesla 3 zinaweza kuisoma sitreti bila ile koili, na mbinu ya spektroskopia iitwayo semi-LASER hukata mipaka ya eneo kwa ukali zaidi, mafuta yakabaki nje. Watafiti wa San Francisco walikwenda mbali zaidi: mwaka 2013 walichapisha matokeo ya kuwachoma wagonjwa sindano ya piruveti (kemikali itokanayo na sukari) ya kaboni-13 iliyoongezwa nguvu ya ishara, wakaiona ikigeuka kemikali nyingine, lakteti, kwenye uvimbe. Inasisimua, ila ishara hufifia ndani ya dakika chache, na inataka mtambo wake wenye baridi kali kando ya mashine. Kwetu bado sana. Mimi nipeni semi-LASER ya dakika chache, na programu inayoitupa yenyewe grafu iliyoharibiwa na maharage kabla haijamfikia daktari.