Nilivyoitoa sauti ya kamera kwenye video ya sendofu

Mtu akitaka kukushauri mambo ya kuhariri video, muulize kwanza kama amewahi kuhariri hata moja.

Video yenyewe ilikuwa ya sendofu ya binti wa shangazi yangu. Kamera niliisimamisha nyuma kabisa ya ukumbi, ikanasa picha safi na kelele za feni. Hotuba ya shangazi husikii kitu. Bahati nzuri simu niliiacha ikirekodi jirani na spika. Kazi ikawa kung'oa sauti ya kamera na kupachika ya simu.

Jamaa anayejiita fundi akaniambia, "Fungua DaVinci Resolve, bonyeza 'Detach Audio'." Yaani tenganisha sauti. Jioni tatu nikitafuta maneno hayo kwenye programu hiyo ya kuhariri, na bando la kupakua programu lilishanila elfu kumi na kitu. Hayapo! Ni ya Shotcut, programu nyingine kabisa. Nikaamua kuifuta sauti hivyohivyo, picha nayo ikatoweka, maana zimefungwa pamoja kama chanda na pete. Kumbe ni kubofya kulia juu ya klipu na kuondoa tiki kwenye "Link Clips". Basi! Siku hizi hata tiki siigusi: nashikilia kitufe cha Alt kwenye kibodi, nabofya sauti peke yake, nafuta.

Shughuli ikawa kulinganisha sauti ya simu na picha. Kwa akili zangu nikashika vigelegele viwe alama. Vigelegele kwenye mawimbi ya sauti, ile michoro inayopanda na kushuka kwenye skrini, ni kama shamba la mpunga, hujui ushike jani lipi. Nikabahatisha. Shangazi akawa anafunga mdomo, maneno yanaendelea kutoka. Mama alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichoniokoa ni shampeni. Kizibo kikiruka, pah! mawimbi yanasimama mstari mmoja kama msumari. Nikatafuta fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ambayo kizibo kinaachana na chupa, nikapanga msumari hapohapo. Na upange kwa picha, usipange kwa sauti ya kamera: kutoka meza kuu hadi nyuma ni kama mita 17, sauti hapo inachelewa sehemu ya ishirini ya sekunde, na kwa fremu 25 kwa sekunde tayari umezidi fremu moja. Hili nalijua mimi, fundi hajui.

Kufika mwisho wa hotuba midomo ikaanza kuachana tena kidogo, saa ya simu na ya kamera haziendi sawa. Nikakata sauti pale watu walipokaa kimya, nikaisogeza. Hakuna aliyeshtuka.

Shangazi akaitazama, safari hii neno kwa neno. Usiku akapiga simu: "Mwanangu, pale nilipowasema wakwe, huwezi kunitolea sauti tu, picha ibaki?"

Naweza, shangazi. Nashikilia Alt.